Moshi wa Jiko la Stafu

Jumapili, tarehe 9 Juni. Ukungu umelala juu ya kijiji chetu cha Qurus tangu alfajiri, na manyunyu ya baridi yanaanza na kuacha, yanaanza na kuacha. Sikwenda shambani. Nimekaa jikoni karibu na moto, naandika.

Nawaandikia ninyi vijana wa klabu ya mazingira mlioniita shuleni Ijumaa. Mliniuliza swali, na msichana wa dawati la mbele ndiye aliyelisoma: mimi niliyechoma kuni maisha yangu yote, je, ninajutia moshi wangu? Nikababaika. Nilizungumzia mvua, nikazungumzia miti, mwalimu akanishukuru, mkapiga makofi. Nilirudi nyumbani na aibu kwa kuwa sikujibu. Mimi nikiulizwa mbele ya watu nageuka bubu, jibu hunijia njiani. Safari hii lilinijia nikiwa nashuka korongoni: hapana, sijutii. Labda sehemu yake, na nitaisema. Lakini ule mliodhani ni mbaya kuliko yote, wa jiko la watu maskini, huo siujutii hata kidogo. Sasa nieleze kwa nini. Nikikosea mahali mnisahihishe, nimeishia darasa la saba na hesabu za hewa sizijui.

Kazi yangu ilikuwa boila. Nilifanya kazi kwenye lodge moja juu ya Karatu, upande wa kwenda geti la Ngorongoro. Jina silitaji, maana watu wake wengi wako hai na hawapo hapa kujitetea. Nyuma ya vyumba kulikuwa na mapipa makubwa ya chuma yaliyojengewa matofali, chini moto, juu maji. Wageni wanarudi kutoka kreta jioni wakiwa na vumbi mpaka masikioni, wanafungua bomba, maji ya moto yanatoka. Hawajui yametoka wapi. Yalitoka kwangu. Ndiyo maana waliniita Fundi Boila, ingawa ufundi wenyewe sikuwa na cheti chake.

Aliyenifundisha alikuwa mzee wa Mbulu, Mzee Boay, mtu ambaye asubuhi hasemi na yeyote mpaka moto ushike. Siku zangu za mwanzo nilijaza magogo tanurini mpaka mlangoni. Moshi ukatoka mweusi, ukafunika vyumba vyote, mama mmoja wa kizungu akakimbia nje na taulo akidhani nyumba inaungua. Nilingoja kufukuzwa. Mzee Boay alinishika mkono, akanisimamisha mahali pa kuona vizuri.

"Unauona ule moshi?" aliniuliza. "Zile ni kuni ambazo hazijaungua. Umezipeleka mbinguni, na kule hakuna anayeoga."

Ninyi ambao nyumbani bado mnapikia kuni, chukueni haya, hayajapitwa na wakati. Pasueni kuni mapema, zianikeni mpaka zilie kama vyungu zikigongana. Pangeni kwa kuacha nafasi, moto nao unavuta pumzi. Moshi mweupe mzito maana yake kuni zina maji. Mweusi, umejaza kupita kiasi. Moto mzuri hauna moshi wa kuonyesha, utaona tu hewa inatetemeka juu ya bomba la moshi. Nilijifunza hayo kabla sijasikia habari za tabianchi. Tulikuwa tunabana kuni kwa sababu zinachosha kupasua.

Sasa naruka mbele, miaka michache baada ya zile mvua za elnino zilizokata barabara. Asubuhi moja tulikuta tangazo ukutani: KIKAO CHA MGAO WA UKAA, WAFANYAKAZI WOTE. Kwetu mgao unajulikana. Kuna mgao wa umeme, huo unanyang'anya, na kuna mgao wa mahindi ya njaa, huo unaleta. Na ukaa tulijua ni mkaa, mwandishi amekosea herufi. Tukaenda na viroba. Mimi nilikwenda na viwili kwa kuwa nina watoto wengi.

Lemayan, askari wetu wa getini kutoka Kakesio, alikuja mikono mitupu, akasema atabeba kwenye shuka lake. Watu wakamtania kwamba Mmasai hata mkaa ataupakata kama mwanakondoo. Akawajibu kwamba Wambulu hata ikigawiwa hewa watailetea magunia. Alisema kwa utani tu, na kumbe ndicho kilichokuwa kinagawiwa.

Meneja wetu, Elibariki, mtu wa Machame, aliviangalia vile viroba akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akaeleza. Ukaa ni hewa inayotoka kwenye moto na kwenye magari, inapanda juu, inaifunika dunia kama blanketi. Wageni huko kwao wameanza kuuliza likizo yao inatoa hewa hiyo kiasi gani. Wenye lodge wameahidi kwamba kuni zitapungua kwa nusu, na kwa kuwa tuko familia moja, kila idara itapunguza nusu yake. Boila nusu. Jiko la wageni nusu. Jiko la stafu, yaani la wafanyakazi, nusu. Sawa kwa sawa, hakuna atakayeonewa. Akauliza nani anaunga mkono.

Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wangu. Wala mpaka leo sioni kama ulikuwa ujinga. Nikigawa muwa nyumbani nakata katikati, na mtoto anayelia namwambia aupime. Nusu kwa nusu ilisikika kwangu kama haki yenyewe.

Kwa upande wa wageni, mambo yalikwenda. Maji yakawa vuguvugu, hayakuwa ya kuunguza. Niseme kwa haki, wengi wao hawakulalamika. Walioga harakaharaka wakaomba blanketi la pili. Maji yenye nusu ya joto bado ni maji, mtu anaoga.

Kwa upande wa jiko la stafu mambo yalikuwa mengine. Mpishi wetu alikuwa Mama Paskalina, mjane wa hapahapa Qurus, ambaye wazee wenu wanamjua. Alikuwa anatulisha wote: wahudumu, madereva wa wageni, watu wa bustani, askari. Nikampelekea nusu ya kuni. Akabandika lile sufuria lake kubwa, maji yakaanza kuimba, moto ukafa. Foleni imeshajipanga na sahani mkononi. Akatia unga hivyohivyo, akasonga kwa nguvu zake zote.

Ule ugali ulikuwa mbichi. Nje umeshika vizuri, ndani unga mkavu unaokwama kooni. Tuliula kwa sababu ndio uliokuwepo. Mchana ule mhudumu mmoja aliweka supu mbele ya wageni akatoka mbio kwenda chooni kabla sahani haijatulia mezani, na wageni wakadhani ameona nyoka. Madereva walicheka mpaka zamu yao ilipofika.

Jioni Mama Paskalina alinifuata boilani na tonge kwenye kisahani.

"Baba Safari, kula."

Nikala.

"Umeiva?"

"Haujaiva."

"Umeiva nusu," alisema. "Wewe ndiye uliyenyoosha mkono. Haya nionyeshe, nusu iliyoiva ni ipi, niwape watu hiyo."

Nilimshauri apike nusu ya unga, sufuria dogo. Akaniuliza basi nimtajie majina ya wasiokula.  Nikabaki na kisahani mkononi, yeye akaondoka.

Hapo ndipo kitu kilinigonga, na sijui kama nitaweza kukieleza vizuri. Bafu unaweza kulikata katikati, likabaki bafu dogo. Moto wa ugali haukatiki. Kuna mahali maji yanachemka, chini ya hapo huna ugali mdogo, una unga uliolowa. Sisi tulikata kila kitu kwa panga lile lile tukaita usawa, kumbe mmoja tulimkata kucha na mwingine tulimkata kidole.

Mimi na Mama Paskalina tulikwenda kwa Meneja pamoja. Meneja hakuwa mtu mbaya, na naomba msimsome hivyo. Nilipofiwa na mama alinipa gari la lodge bila kuulizwa. Alitusikiliza mpaka mwisho, akafikiri, akasema basi kama jiko lile haliwezi kwenda na nusu, lifungwe kabisa. Mikate italetwa kutoka mjini, na chai kwenye chupa. Kuni za stafu zote zitakuwa zimeokolewa, wageni watarudishiwa maji yao, na ahadi kwa wenye lodge itakuwa karibu kutimia. Mama Paskalina atamaliza mwezi, atapewa chake, ataaga.

Mama Paskalina alikuwa anasomesha watoto kwa mwiko wake. 

Nilirudi boilani nikaanza kujitilia shaka, maana ndiyo tabia yangu. Nilijiambia mkate nao ni chakula. Nikajiambia mpishi ni mtu mmoja na dunia ni dunia. Labda Meneja anaona mbali na mimi naona sufuria tu. Lakini kila nilipoipanga hesabu ile kichwani ilitoka vilevile: aliyekuwa anachoma kidogo kuliko wote amepunguza mpaka hana kitu, na aliyekuwa anachoma kingi amerudishiwa. Na wote wawili wataandikwa kwamba wamepunguza.

Wenye lodge wakamtuma mtaalamu kuja kuthibitisha kama kuni zimepungua. Alikuwa binti wa Dar es Salaam, dada Neema, viatu vyake vyeupe vilipofika kwetu vikawa vyekundu siku hiyohiyo. Alitusalimia shikamoo mmoja mmoja, hata sisi wa kuni. Kikao kikaitwa tena, na safari hii hakuna aliyekuja na kiroba. Meneja akasoma mpango wa kufunga jiko. Dada Neema akauliza kama kuna mwenye neno.

Nilisimama. Miguu yangu haikupenda.

"Jiko la stafu silizimi," nilisema. "Mimi ndiye ninayepeleka kuni pale, na nitaendelea kupeleka."

"Fundi, hapa hatugombani," Meneja alisema. "Kila mtu anapunguza. Wewe mwenyewe uliunga mkono."

"Niliunga mkono nusu. Sikujua kuna kitu hakina nusu."

"Na wageni wakihamia lodge ya jirani? Unga wa ugali huo unanunuliwa na lile bafu."

Hapo alinikamata, sikatai. Alichosema ni kweli. Lemayan ndiye aliyeniokoa. Aliinuka taratibu na fimbo yake, akamuuliza dada Neema kama ni kweli alichosikia redioni, kwamba siku hizi hata pumzi ya ng'ombe inahesabiwa. Dada Neema akasema ni kweli, inahesabiwa.

"Sasa niambie," Lemayan alisema. "Ng'ombe wangu anapumua watoto wapate maziwa. Gari la wageni linapumua waje wampige picha huyo ng'ombe. Mnawaandika mstari mmoja?"

Watu walicheka. Dada Neema hakucheka. Alimjibu kwa heshima, lakini hakupindisha. "Mstari mmoja, kaka. Hewa haijui nani alikuwa na njaa."

Maneno yale yalikuwa ya kweli na yakanichoma. Nilikuwa nimeshakaa, nikasimama tena.

"Hewa haijui," nilisema. "Lakini anayegawa hapa si hewa, dada yangu. Tunaogawa ni sisi, na sisi tunajua."

 Dada Neema aliniuliza, na aliuliza kama mtu anayetaka jibu, "Basi baba, wewe ungegawa vipi?"

Nilimwambia nisingeanza na nusu. Ningeanza kwa kuutenga moto ambao ukizimwa kuna mtu hatakula, huo uwekwe pembeni mzima. Ndipo tugeukie uliobaki, na hapo anayechoma zaidi apunguzwe zaidi, mpaka ahadi ya wenye lodge itimie. Nikasema mkifika kwenye huo uliobaki mtakuta mabafu yale ya kulalia, ambayo mtu mmoja anajaza maji ya moto ya kuogesha ukoo, analala ndani, anasoma gazeti. Sikuwa nataka wageni waoge baridi. Nakumbuka bibi mmoja mgeni ambaye vidole vyake vilikuwa haviwezi kushika kikombe mpaka avitie kwenye maji ya moto. Yule angepata maji yake kwangu hata kwa kuvunja kiti nikichome. Nilisema mabafu. Sikusema maji.

Dada Neema hakutoa hukumu palepale. Aliomba nimtembeze. Na hapa lazima niwe wa haki tena, maana msije mkadhani nilimshinda. Alishika bomba linalotoka boilani kwenda vyumbani, akautoa mkono haraka. Bomba lilikuwa wazi, linapita kwenye maua, refu. "Baba," alisema, "mnapasha joto bustani." Miaka yote ile nilijisifu kwa moto usio na moshi, na sikuwahi kufikiri joto linakwenda wapi likishatoka kwangu. Mzee Boay naye hakuwahi kuniambia. Tukayavika mabomba yale nguo kuukuu na majani makavu, juu tukajengea matofali. Kuni zilizopungua kwa kazi ile zilikuwa nyingi kuliko jiko la stafu lilivyokuwa linakula. Hiyo ilikuwa elimu yake. Mimi nilichomsaidia ni kubeba matofali.

Lakini jiko lilikuwa halijapona. Meneja alikuwa bado na mpango wake mfukoni. Kesho yake asubuhi niliwasha jiko la stafu kwanza, moto kamili, kisha ndipo nikaenda kwenye mapipa ya wageni. Meneja akanikuta.

"Umeanzia wapi leo?"

"Kwa wanaokula."

Alisimama akiuangalia moto. Nilifikiri anatafuta maneno ya kunifukuzia. Akasema, "Vizibo," akaondoka.

Sikumwelewa mpaka mchana. Alipita mwenyewe chumba hadi chumba, akatoa vizibo vya mabafu yote, akavitia kwenye kopo la maziwa, akalificha mapokezi. Bafu lisilo na kizibo halijai. Kuanzia siku ile wageni walioga wamesimama, chini ya bomba la mvua, maji ya moto sawasawa. Wachache walinuna. Mmoja alitoa kizibo chake cha mpira kwenye begi, kumbe anasafiri nacho dunia nzima, na Meneja hakujua amkamate kwa sheria ipi. Lakini hakuna aliyehama, na kuni zikapungua kama ilivyoahidiwa. Mama Paskalina alimaliza mwezi, akaanza mwingine.

Ningeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri, lakini isingekuwa kweli yote.

Miaka ikapita, sola zikaja. Zile za kwanza ziliwekwa juu ya vyumba vya wageni. Mapipa yangu yakazimwa moja baada ya jingine, nikabaki na jiko la stafu na bustani. Nilimwomba Meneja sola ya stafu, au hata gesi. Akasema bajeti haijafika huko. Niliomba tena mwaka uliofuata, akasema vilevile. Basi ikawa hivi: kwenye kilima chote kile, moshi uliokuwa unaonekana ulikuwa mmoja tu, wa Mama Paskalina. Uliokuwa mdogo kuliko yote ndio uliobaki kunyooshewa kidole.

Siku moja mgeni, mtu mpole mwenye ndevu nyeupe, alikuja mpaka nyuma ya jiko na kamera. Akaupiga picha ule moshi. Kupitia kwa dereva wake akauliza, na hakuuliza kwa ubaya, kwa nini wafanyakazi hawajabadilika wakati lodge imeshabadilika. Meneja alikuwepo. Nilimwona anafungua mdomo, na moyo wangu ukarudi kwenye ule mpango wa mikate.

Mama Paskalina alimtangulia. Alifuta mikono kwenye kanga.

"Mwambie moshi wake yeye ulikuwa mkubwa, nimeishi nao," alimwambia dereva. "Umeondoka kwa sababu alinunuliwa sola. Huu wangu umebaki kwa sababu sijanunuliwa. Siku nikinunuliwa utaondoka. Leo usiguswe, watu wanakula saa saba."

Dereva alitafsiri. Sijui alitafsiri kiasi gani, madereva wanapenda bahashishi. Ila yule mgeni alishusha kamera, na Meneja akafunga mdomo. Tulipostaafu, Mama Paskalina kwanza, mimi baadaye, jiko lile lilikuwa bado linawaka, na gesi ilikuwa bado inaahidiwa.

Kwa hiyo vijana, msinifundishe kuona haya. Moshi wa jiko la stafu niliuwasha kila asubuhi, na mkinirudisha ujana nitauwasha tena. Ule wa mabafu, mkono uliowasha ulikuwa wangu na mshahara nilipokea, kwa hiyo kuna kipande chake nakibeba. Kipande changu tu. Cha aliyelala ndani akisoma gazeti sikibebi, wala msikubali kukibeba ninyi mkija kuwa wakubwa. Baadhi yenu mtafanya kazi kwenye lodge hizo. Mmoja wenu huenda akawa dada Neema, na namwombea awe na subira kama yake. Siku mtakapoitwa kikaoni mkaambiwa sote tupunguze sawa kwa sawa, msiharakishe mikono kama mimi. Ulizeni kwanza nani hapo atalala njaa. Kama hayupo, kateni mnavyotaka, na mimi nitakuja kuwashikia panga. Kama yupo, kaeni mkao wa kukataa, hata kama miguu inatetemeka. Yangu ilitetemeka na bado ilisimama.

Nimeandika mpaka giza limeingia. Jioni hii tumekula makande ya mahindi na maharage ya shamba letu, yaliyokaa motoni tangu mchana, na maziwa ya mgando pembeni. Wajukuu wameongeza, nami nimeongeza.